Namba Tisa Kwenye Daftari la Mwanangu

“Mama Uyi, hivi mwanao huwa anamuua nani kila Jumamosi?”

Jirani yangu, Mama Ehi, aliniuliza hivyo huku anageuza bagia kwenye karai, kwa sauti ile ile anayoniulizia kama nataka bagia tano au kumi.

Nikacheka. Mama Ehi ni mtu wa utani.

“Mimi sicheki,” akasema. “Ukuta wangu na wako ni mmoja. Juzi nimemsikia kwa masikio yangu haya. ‘Namkata shingo.’ Mwenzake anauliza, ‘Amekufa?’ Uyi anajibu, ‘Bado, mpige tena.’ Halafu wote wanacheka.”

“Ni mchezo wao wa kete.”

“Kete gani hizo? Mimi nimecheza ludo na marehemu mume wako hapo kibarazani miaka na miaka, nani alikatwa shingo?”

Nikachukua bagia zangu nikaondoka. Zilipoa kwenye karatasi, sikuzigusa.

Wapendwa, wiki tano baada ya swali hilo nilisimama mbele ya kanisa zima nikatupa kitu cha mwanangu kwenye moto… na mwanangu akaingiza mkono wake wa kulia kwenye moto huo kukitoa.

Naandika kwa simu, kwa kidole kimoja. Niliishia darasa la sita, kwa hiyo mkikuta kosa rukeni, mwendelee. Mtanielewa tu.

Jina langu la kuzaliwa ni Amenze. Nimefiwa na mume, huu ni mwaka wa kumi na moja. Naishi mji wa Benin, Nigeria, nyumba ya mwisho kabla ya lile handaki la wafalme, mtaro mrefu uliochimbwa zamani kuuzunguka mji.

Mtoto ninaye mmoja, Uyi. Ana miaka ishirini na nane. Chuo alimaliza, kazi hakupata. Jioni anafundisha hesabu watoto wa watu.

Kila Jumamosi mchana walikuja wenzake wawili. Isoken, binti wa zahanati, na Osahon, anayesugua sanamu mtaa wa wafua shaba. Wanakaa meza yangu ya chakula.

Uyi anasimamisha kadibodi la tambi mbele yake kama ukuta. Nyuma ya kadibodi kuna daftari lake. Yeye anasimulia, wao wanaamua, kete inahukumu.

“Mko mbele ya lango. Mlinzi amesinzia. Mnafanya nini?”

Ndiyo mchezo wenyewe. Masaa manne, matano, hawachoki.

Sheria kubwa ya meza hiyo ilikuwa moja. Hakuna mtu kuangalia nyuma ya kadibodi.

“Mama, na hiyo juisi pitia upande ule.”

“Nyumbani kwangu napangiwa njia?”

“Bi mkubwa, ukiona huko mchezo unakufa,” Osahon akanieleza. “Sisi tunajua tulipofika tu. Mbele kuna nini, anajua huyo peke yake.”

Nikapita upande ule.

Sasa nawaambia daftari lilitoka wapi.

Mwanzoni walicheza visa vya watu. Vinauzwa vikiwa vimeandikwa tayari, unanunua, unawasimulia wenzako. Majumba ya mawe, theluji, wafalme wenye ndevu nyekundu. Siku moja Osahon akauliza theluji ukiikanyaga inalia vipi. Mezani hakuna aliyejua. Uyi akakifunga kitabu taratibu.

Tangu siku hiyo akaanza kutafuta kisa cha kwetu. Alitafuta miaka minne.

“Mama, nimepata kimoja, wanasema ni cha Afrika.”

“Haya.”

“Nimekifungua. Jangwa, ngoma, na mfalme mnene asiye na jina. Halafu simba yuko kwenye msitu mzito.”

“Simba anafanya nini msituni?”

“Ndiyo na mimi nauliza.”

Siku nyingine akarudi na habari nzuri kidogo.

“Vizuri vipo, Mama, sikatai. Nimepata cha Wazulu, mtu kakiandika mpaka vumbi unalisikia puani. Cha Wahabeshi nimepata. Cha Wayoruba nimepata, Osahon alilia mezani, usimwambie nimekwambia. Lakini chetu… handaki, chui, shanga nyekundu, wafua shaba… hakuna. Nimefika mpaka mtandao ulipoishia.”

Nilikuwa namenya egusi, zile mbegu za mchuzi, kucha zinauma.

“Kama hakuna, andika mwenyewe, uniache nimalize egusi zangu.”

Akatoka. Kesho yake akanunua daftari la kava gumu.

Ndiyo. Aliyemwambia aandike ni mimi.

Mwezi wa tisa akaja jikoni anatabasamu mpaka meno ya nyuma. Hapo swali la Mama Ehi nilikuwa nalo tumboni siku ya nne.

“Mama, kuna watu ng’ambo wamekitaka. Ni wachapishaji wa michezo, vijana wa Kiafrika kama sisi. Walitangaza wanatafuta visa vya kwetu, nikawatumia kurasa kumi. Wanataka chote kabla ya mwisho wa mwezi wa kumi.”

“Wanataka chote nini?”

“Chote, Mama. Nikiwapa chote, maisha yetu yanabadilika.”

Nyie mnaelewa alichosema. Kazi yake ya miaka inaenda kuwa kitabu, amepewa tarehe, asipopeleka nafasi imepita.

Sasa yasikilizeni maneno hayo kwa masikio yangu mimi.

Watu wa ng’ambo. Wanataka chote. Kabla ya mwisho wa mwezi. Maisha yatabadilika…

Hapa kwetu tunasimuliana habari za vijana wanaotaka utajiri wa usiku mmoja. Wanaambiwa leta roho ya unayempenda. Gari linaingia uani, mama anaanza kukonda. Hata nyie huko mnazijua habari za kafara, msijifanye wageni.

Na mimi ni mtu wa kuangalia. Sisemi. Naangalia.

Nikaona kompyuta yake haipo. Ile aliyoinunua kwa jasho la miaka miwili, haipo mezani, haipo kabatini. Anaandika kwa kalamu tu, kwenye lile daftari.

Nikaona dawa zangu za presha zimekuja. Si za wiki, za miezi mitatu, zimepangwa juu ya friji.

“Umepata wapi hela?”

“Kunywa dawa, Mama.”

“Nimekuuliza kitu, Uyi.”

“Na mimi nimekwambia kunywa dawa.”

Halafu akaanza maswali yake. Sisi Waedo, watu wa Benin, kila ukoo una salamu yake ya asubuhi. Ukiolewa unaiacha ya kwenu, unaamka unasalimia ya kwa mumeo mpaka unazikwa. Siku moja nachuja uji, mtoto ananiuliza, “Mama, ile salamu ya kwenu ulipoiacha, uliumia?”

Mtu gani anauliza hivyo? Nikamwambia aache kuchimba mambo ya watu.

Jumatatu moja nikaanguka bombani na ndoo yangu. Niliamka zahanati, Isoken amenishika mkono, mashine inanibana. Presha ilikuwa imepanda kupita kiasi, na dawa nilikuwa nakunywa.

Jumanne Uyi akaenda kufundisha. Nikaingia chumbani kwake.

Daftari lilikuwa chini ya mto. Katikati ameweka uzi. Nikafungua palipo na uzi.

Juu kabisa, kwa herufi kubwa: AMENZE, MJANE.

Chini yake: Uhai.

Arobaini, imekatwa mstari. Thelathini na moja, imekatwa. Ishirini na mbili, imekatwa. Kumi na tatu… haijakatwa.

Kila namba ina tarehe pembeni. Zote Jumamosi. Ya mwisho ni ile Jumamosi kabla sijaanguka bombani.

Na chini ya namba, neno kwa neno, salamu ya asubuhi ya ukoo wa mume wangu.

Nikalifunga. Ukurasa wa pili sikuusoma. Maandishi yake ni madogo, ya haraka, na mimi kusoma kunanichukua muda. Lakini nisijisafishe mbele yenu… sikutaka kuusoma.

Wiki hiyo nilifunga siku tatu, maji tu. Sikumwambia mtu.

Jumamosi wakaja kama kawaida. Nikawapelekea juisi, nikatoka, nikasimama kwenye ujia, nyuma ya pazia.

“Osahon, uko chini,” mwanangu akasema. “Damu haikati. Pumzi zimebaki mbili.”

“Nampa mkono Amenze.”

“Una uhakika? Amechoka.”

“Oya, mimi nakufa hapa, yeye amechoka nini? Nampa mkono.”

Kete ikabingirika mezani kwangu. Ile kete yao yenye nyuso nyingi, kama jiwe la mganga.

“Anapungua nne,” akasema Uyi. Nikasikia kalamu inakata mstari. “Amenze amebaki tisa.”

“Asante, bi mkubwa,” Osahon akasema, na wakacheka wote.

Mwanangu niliyemzaa kwa kisu, niliyemlea na kikapu cha mboga kichwani, amelitaja jina langu na kunihesabia… na wenzake wanashukuru.

Jumatano nikaenda kanisani. Mchungaji alinisikiliza mpaka mwisho, amefumba macho.

“Jina lako limo?”

“Limo.”

“Na namba?”

“Zinashuka, Baba.”

“Na kuna salamu ya ukoo?”

“Ya mume wangu, marehemu.”

“Dada, hujachelewa. Lilete Jumapili.”

Hakuniuliza daftari linahusu nini. Na mimi sikumwambia kwamba nimesoma ukurasa mmoja.

Jumapili, baada ya ibada, waliweka nusu pipa la moto uani. Siku hizo huwa watu wanaleta vitu vyao vya kuchomwa. Mmoja alileta chupa za mafuta ya mganga, mwingine picha ya mume wa mtu. Mimi nilileta daftari la kava gumu, nimelifunga kwenye kanga yangu ya maombi.

Wakaanza kuimba. Nikalifungua lile fundo. Nikalitupa.

Kava gumu haliungui upesi. Lilianza kujikunja pembeni, kurasa zikawa zinafunuka zenyewe, moja moja, kama kuna mtu anasoma humo ndani.

Ndipo Uyi akaingia getini, anakimbia, kandambili moja mguuni. Alikuwa amelitafuta nyumba nzima, Mama Ehi akamwambia nimekwenda kanisani nimekumbatia kitu ndani ya kanga.

Hakupiga kelele. Aliwapita wazee, akapiga magoti mbele ya pipa, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko.

Wanaume wanne walimvuta.

“Mnaona anavyolipigania,” mmoja wao akasema. “Mtu anapigania karatasi hivi?”

Alikuwa ameshika kurasa tatu, zinawaka pembeni. Akazizima kifuani kwake. Halafu akanitazama.

“Mama. Ulilisoma?”

“Nililiona.”

“Sijakuuliza kama uliliona.”

Kanisa lilikuwa bado linaimba.

Nyumbani hakuniongelesha. Si kwa ukali. Nikimwekea chakula anakula, anaosha sahani kwa mkono wa kushoto, anairudisha kabatini. Kama mpangaji mstaarabu.

Mama Ehi alikuja na bagia za bure.

“Mimi niliuliza tu, Mama Uyi.”

“Najua.”

“Niliuliza tu kama jirani.”

Jumanne Isoken alikuja kumsafisha kidonda. Vidole vya mkono wa kulia havikuwa vinakunjika. Alipomaliza akaja jikoni, akanawa, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Isoken ananiheshimu sana, kwa hiyo nilijua kuna jambo.

“Mama, ulifikiri ni nini?”

Nikamwambia. Yote. Jina, namba, tarehe, siku niliyoanguka, na yale niliyosikia nyuma ya pazia.

Akasikiliza. Mwishoni akaweka mkono mdomoni.

“Mama… Amenze ni mganga wetu.”

“Nilijua ni uganga.”

“Hapana, Mama, subiri. Ndani ya kisa. Ni mwanamke anayeishi handakini, mjane. Sisi tukipigana tukaumia, tunakimbilia kwake. Tunampa mkono. Vidonda vyetu vinahama, vinaenda kwake. Ndiyo maana uhai wake unapungua. Namba ni hiyo tu. Kila mtu kwenye mchezo ana namba, mimi nina ishirini na sita, Osahon siku ile alikuwa na mbili. Amenze akampa nne zake. Ndiyo maana alisema asante.”

Sufuria ilikuwa inachemka, sikuipunguza moto.

“Na jina langu?”

“Nilimuuliza, kwamba Uyi, jina la bi mkubwa kabisa? Akasema hamjui mtu mwingine anayefanya hivyo.”

“Na salamu ya ukoo?”

“Ndiyo inayofungua lango la handaki. Kila ukoo lango lake. Amenze peke yake anajua salamu mbili, ya kwao na ya kwa mume, ndiyo maana anapita pote. Ile siku Uyi anatusimulia jinsi Amenze alivyoiacha salamu ya kwao… Mama, hatukucheza tena mpaka tumemaliza kulia.”

Nikamuuliza la mwisho, japo nilikuwa nimeshajua.

“Na kompyuta?”

“Aliuza mwezi wa tisa. Dawa zako, Mama.”

Kabla hamjaanza kule kwenye maoni: sijaacha kusali, na sitaacha. Mungu hakuniambia nichome. Aliniambia mtu, na mimi nilikwenda nikitaka kuambiwa.

Zile kurasa tatu zilizopona Isoken alizianika kwenye dirisha la jikoni. Moja ni orodha ya bei za sokoni za mji wa kwenye kisa, viazi vikuu kiasi gani, shanga kiasi gani. Ya pili ni chui, ana meno mangapi, anapiga kwa nguvu gani. Ya tatu imeungua, imebaki “mnafanya nini” kila baada ya mistari mitano.

Isoken akapata wazo.

“Jumamosi ni ya mwisho ya mwezi. Tukae, kila mtu aseme anachokumbuka, mimi naandika. Usiku naenda kuchapa kwa mjomba, tunatuma.”

Nikashika wazo hilo kama mtu anayezama anavyoshika nyasi. Nikanunua daftari jipya. Nikapika wali na mchuzi mweusi anaoupenda. Nikafuta meza mara mbili.

Nawaambia mapema msije mkategemea: kisa hakikutumwa. Mwezi wa kumi umeisha, na wa kumi na moja nao umeisha. Wale vijana wa ng’ambo waliandika mara mbili kuuliza, wakachukua cha mtu mwingine, na sioni kosa lao. Uyi anaishi Lagos sasa, anabeba mizigo kwa bega la kushoto. Isoken ndiye anayeniambia kwamba yuko mzima.

Na wengi wenu mnapenda niweke funzo mwishoni. Mimi sina funzo la kuwapa. Alilitoa Uyi, Jumamosi hiyo hiyo, mara moja tu.

Jumamosi walikuja, Isoken na Osahon. Uyi alikuwa chumbani, mlango umefunguka kidogo. Nikaketi nao mezani, mara yangu ya kwanza.

Walijitahidi, watoto wa watu. Isoken anaandika mpaka jasho linamtoka puani.

“Lango la kwanza, mlinzi amesinzia.”

“Hapana, la kwanza ni wafua shaba. Mlinzi ni la pili.”

“Osahon, wewe ulikuwa umekufa la pili, unajuaje?”

“Nilikufa lakini nilikuwa nasikia.”

Nilicheka kidogo. Mungu anisamehe, nilicheka, nikafikiri inawezekana.

Wakajaza kurasa kumi na nne. Malango, chui, wimbo wa shanga. Halafu Isoken akasimamisha kalamu.

“Tuliishia wapi?”

“Handakini,” Osahon akasema. “Watu wa mji wanakuja na mienge kwa Amenze. Wanasema ndiye anayewanyonya. Hapo ndipo tulipoachia.”

“Na mbele?”

Wakatazamana. Mbele kulikuwa nyuma ya kadibodi. Hakuna aliyewahi kuangalia, hiyo ndiyo ilikuwa sheria yao, na waliishika vizuri.

Isoken akageuka kuelekea chumbani.

“Uyi, ndugu yangu. Usiandike. Sema tu, mimi naandika.”

Isoken akafungua ukurasa mpya.

“Sehemu moja tu. Tumebakiza hiyo tu.”

Mlango ukafunguka. Akaja, mkono umefungwa bandeji, akakaa kwenye kiti chake. Hakuweka kadibodi. Alikuwa amekonda shingoni.

Nikamsogezea sahani. Hakuisukuma, hakuigusa.

“Kuna njia tatu,” akasema. Sauti ilikuwa ile ile yake ya Jumamosi, nikakaribia kulia. “Mnaweza kupigana na watu wa mji. Mnashindwa, ni wengi mno. Mnaweza kukaa upande wao, mkamchoma Amenze. Ushahidi mnao, namba zake mnazijua, zinashuka kila wiki. Mkimchoma, asubuhi mji mzima unakufa. Yeye ndiye aliyekuwa anaubeba.”

Kalamu ya Isoken ilikuwa inakimbia.

“Sasa tunashindaje?” Osahon akauliza.

“Mnamuuliza.”

“Tunamuuliza nini?”

“Mnakaa naye chini. Mnamuuliza, ‘Mama, hii ni nini?’ Basi. Hakuna kete hapo. Akiulizwa, anaeleza yote, na watu wanashusha mienge.”

“Ndiyo hiyo tu?”

“Ndiyo hiyo tu.” Akawa anaitazama kete mezani. “Kwa miezi mingi niliogopa ni rahisi sana. Nilisema wachapishaji watanicheka. Watasema, sasa hapa nani atashindwa?”

Nje jenereta la Mama Ehi lilizimika, tukabaki tunasikiana pumzi.

Nikafungua mdomo. “Uyi, mwanangu, hii…”

Akainua macho. Alinitazama kwa subira, jinsi anavyowatazama watoto wa hesabu wanapoleta jibu muda wa mtihani umeshapita.

Sikumalizia.

Akanyoosha mkono wa kushoto, akaichukua kalamu polepole kutoka vidoleni mwa Isoken, akailaza juu ya daftari jipya. Akasimama. Akarudisha kiti chake chini ya meza, akavaa kandambili zake mlangoni, akatoka.